Mzee asiyekimbia, anatawalaje uwanja? Tumwelewe Peyton Manning

Kila Februari, saa nane na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, huanza fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani, Super Bowl. Wanaokesha kuitazama huku kwetu si wengi, ila wanaongezeka, na asubuhi yake maswali hayakosi. Gumu kuliko yote ni hili: inakuwaje mchezo wa majitu ya kilo 140 yanayogongana unaongozwa na mtu wa miaka 39, au 41, au 43, ambaye hakimbii, harushi mpira mbali kama vijana, na hata mpira wenyewe ukiwa hewani unayumbayumba? Mwaka 2025 swali lilifufuka pale Aaron Rodgers alipojiunga na Pittsburgh Steelers akiwa na miaka 41. Kuna wanaosema wazee hawa hubebwa na majina yao. Kuna wanaosema uzoefu hushinda yote. Mimi naona pande zote mbili zimeshika nusu ya jambo, na mtu anayeweza kutuonyesha nusu zote mbili ni Peyton Manning, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi) wa zamani wa Indianapolis Colts na Denver Broncos. Nampenda mchezaji huyu, na kwa sababu hiyo hiyo nataka aeleweke jinsi alivyokuwa, pamoja na mwaka wake mbaya.

Tuanze na msingi. Uwanja una urefu wa yadi 100 na upana wa yadi 53 na ushei. Kila timu huingiza watu 11. Wanaoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Wakifaulu wanapewa mengine manne, wakishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Jaribio huanza pale mchezaji wa katikati ya ukuta wa mbele, akiwa ameinama, anapoupitisha mpira katikati ya miguu yake kwenda nyuma kwa kwotabeki. Huyu kwotabeki ndiye mwenye uamuzi. Ataukabidhi kwa mkimbiaji, au ataurusha kwa mmoja wa wapokeaji waliotawanyika uwanjani. Ukidakwa ndani ya eneo la mwisho la wapinzani ni tachidauni, pointi sita. Ukidakwa na mpinzani, pasi imenaswa na timu imepoteza mpira. Na kwotabeki akiangushwa kabla hajarusha, jaribio limekwenda bure na yadi zimepotea.

Hapa ndipo watazamaji wapya wengi hupotea. Macho yao huanza kazi pale mpira unapotoka, ilhali kwa kwotabeki mkongwe kazi kubwa imeshafanyika.

Kati ya jaribio moja na jingine kuna saa ya sekunde 40. Ndani ya kofia ngumu ya kwotabeki mna spika ndogo, na kocha humwambia kupitia hiyo ni mpango gani uchezwe. Lakini saa ikibakiza sekunde 15 redio hukatwa. Ndiyo sheria ya ligi. Kuanzia hapo yuko peke yake na macho yake. Mpira ukishatoka, kwa kawaida ana kama sekunde mbili na nusu kabla ukuta wake haujavunjika na watu hawajamfikia. Kwa hiyo kuna vipindi viwili vya kazi: sekunde 15 za kusoma na sekunde mbili na nusu za kutenda. Kijana mwenye miguu anaweza kukirefusha kipindi cha pili kwa kukimbia huku na huku mpaka mtu fulani abaki wazi. Mzee hawezi. Anachofanya mzee ni kuhamishia kazi yake yote kwenye kile cha kwanza.

Manning alizitumia sekunde zile kama hakuna mwingine. Alitembea nyuma ya ukuta wake akinyoosha vidole, akipaza sauti, akimhamisha huyu kulia na kumrudisha yule nyuma. Asiyejua angeona fujo tu, na kweli baadhi ya maneno yale hayakuwa na maana yoyote, yalikuwa ya kuwapoteza maboya wapinzani. Mengine ndiyo yalikuwa mchezo wenyewe.

Alikuwa akitazama nini? Kwanza, walinzi wa nyuma kabisa. Akibaki mmoja tu katikati, pembeni kuna nafasi, kwa sababu mtu mmoja hawezi kuzifunika pande zote mbili za uwanja mpana namna ile. Wakibaki wawili, maana yake mbele wamepungukiwa mtu mmoja wa kumzuia mkimbiaji, basi mpira utakabidhiwa badala ya kurushwa. Pili, alitaka kujua kama wanakaba mtu kwa mtu au wanalinda maeneo. Angemhamisha mpokeaji mmoja kutoka upande huu kwenda ule kabla mpira haujatoka. Mlinzi akimfuata, hiyo ni mtu kwa mtu. Wakibaki walipo wakipokezana kwa macho, ni maeneo. Tatu, alimtafuta yule anayejifanya hana habari naye huku uzito wa mwili wake umeshaegemea mbele. Huyo anakuja kumvamia, na mahali anapoondoka ndipo pasi itakapokwenda.

Akishasoma hayo alibadilisha mpango. Mara nyingi timu yake ilifika mstarini ikiwa na mipango miwili au mitatu kichwani, na yeye akachagua mmoja papo hapo. Hilo ndilo chimbuko la ile "Omaha" iliyowatoa watu jasho. Kwenye mechi ya mtoano dhidi ya San Diego, Januari 2014, vipaza sauti vya uwanjani vilimnasa akilitamka jina hilo la mji wa Nebraska mara 44, na Marekani nzima ikaanza kuulizana ni siri gani. Baadaye alieleza mwenyewe: mpango umebadilishwa, saa inakwisha, mpira utoke sasa hivi. Basi.

Mpenzi wa soka anaweza kumfikiria kiungo mkongwe, mtu kama Andrea Pirlo miaka yake ya mwisho pale Juventus. Hakumkimbiza mtu. Lakini kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshatazama begani mara mbili, na ulipofika mguuni haukukaa. Manning alikuwa hivyo, na takwimu moja inalionyesha hilo kuliko sifa zote: mwaka 2013, akiwa na miaka 37 na miguu mizito, alirusha pasi 659 na akaangushwa mara 18 tu katika msimu mzima wa kawaida. Hakuwakwepa wale majitu kwa mbio. Walipomfikia, mkono wake ulikuwa mtupu.

Kuna jambo jingine linaloendana na kusoma, nalo ni kurusha mapema. Kwotabeki wa kawaida husubiri amwone mpokeaji akiwa wazi ndipo arushe. Manning alirusha mpokeaji akiwa bado amempa mgongo, kwenda mahali ambapo mwenzake angegeuka na kuukuta mpira umefika. Faida yake kwa mzee ni kubwa mno. Mpira ulioondoka nusu sekunde mapema unaweza kwenda polepole na bado ukafika kwa wakati ule ule. Kwa namna hiyo macho hulipa deni la mkono.

Wapo wanaodhani kipaji hicho alizaliwa nacho, hasa kwa kuwa baba yake Archie alikuwa kwotabeki wa New Orleans Saints na mdogo wake Eli akaja kushinda Super Bowl mbili na New York Giants. Ukoo ulimsaidia, sikatai. Lakini tazama mwaka wake wa kwanza. Indianapolis Colts walimchagua wa kwanza kabisa kati ya chipukizi wote wa 1998, na msimu huo pasi zake 28 zilinaswa, idadi ambayo hakuna chipukizi aliyewahi kuifikia. Timu ilishinda mechi 3 na kupoteza 13. Mwaka uliofuata walishinda 13 na kupoteza 3. Alijifunza kwa kunaswa. Na Colts hawakumvuta benchi. Walimwacha akosee mbele ya dunia nzima, kitu ambacho timu nyingi hazina subira nacho.

Ikafuata miaka ya mavuno: tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara nne akiwa Indianapolis, na Super Bowl ya Februari 2007 waliyoshinda 29 kwa 17 dhidi ya Chicago Bears chini ya mvua ya Miami. (Colts hao hao ndio waliokuja kumtoa Mkenya Daniel Adongo kwenye raga mwaka 2013 na kumwingiza kwenye ligi hii, ila Manning alikuwa ameshaondoka.)

Sasa tufike shingoni, kwa sababu bila shingo huwezi kumtathmini Manning wa uzeeni. Alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, na Septemba 2011 madaktari waliunganisha mifupa ya shingo yake. Neva inayopeleka nguvu kwenye mkono wa kulia ilikuwa imeathirika, na msuli wa nyuma ya mkono, ule unaosukuma mpira mbele, ukalegea. Hakucheza hata mechi moja mwaka huo. Machi 2012 Colts walimwachia, wakamchukua kijana Andrew Luck, naye akaenda Denver Broncos akikaribia kutimiza miaka 36. Alilazimika kujifunza upya kurusha, akisaidiwa na David Cutcliffe, kocha aliyewahi kumfundisha chuoni Tennessee. Hisia kwenye ncha za vidole hazikurudi kama zamani, na ndiyo sababu mlimwona akivaa glovu mkono wa kulia.

Watu wengi wanaposema "umri ulimmaliza Manning" wanachanganya vitu viwili. Umri hupunguza kasi ya miguu, hurefusha siku za kupona. Neva iliyoumia ni ajali, na ingeweza kumpata mtu wa miaka 28.

Na pamoja na mkono ule, tazama kilichofuata. Mwaka 2012 alirusha tachidauni 37. Mwaka 2013 alifungua msimu kwa tachidauni saba katika mechi moja dhidi ya Baltimore Ravens, na akaumaliza akiwa na 55 na yadi 5,477, vyote viwili vikiwa rekodi ya ligi. Timu yake ilifunga pointi 606. Pasi ziliyumba hewani kweli. Richard Sherman, mlinzi wa Seattle, alilisema hilo hadharani, na Manning alikubali bila kinyongo kwamba anarusha mipira isiyopendeza, lakini imempa yadi nyingi na tachidauni nyingi. Naliona jibu hilo kuwa la mtu anayeijua kazi yake. Mpira kuzunguka vizuri ni dalili ya nguvu. Unaohesabiwa ni ule uliodakwa.

Lakini nisiwe shabiki kipofu. Februari 2014 Denver walikutana na Seattle hao hao katika Super Bowl na wakapigwa 43 kwa 8. Jaribio la kwanza kabisa, Manning akiwa bado anasogea mbele kuwapa wenzake maelekezo, mpira ulitoka ukampita kichwani na kuangukia eneo lao wenyewe la mwisho. Sekunde 12 tu zimepita na Seattle wana pointi mbili. Wengi hukumbuka tukio hilo, ila somo lenyewe lilikuwa kwingine. Usiku ule Manning alikamilisha pasi 34, rekodi ya Super Bowl kwa wakati huo. Zilikuwa fupi. Seattle hawakujisumbua kuficha mipango yao kwa hila nyingi. Walimwachia pasi za yadi tano na kumwangusha mpokeaji pale pale alipodakia. Kusoma mchezo kulimwonyesha Manning nafasi zilipo, na nafasi zote zilikuwa ndogo. Timu yenye walinzi wepesi na wenye nidhamu inaweza kumwambia mzee: soma utakavyo, utakachokisoma hakitakupeleka mbali.

Mwaka 2015 ndio unaogombaniwa zaidi. Alikuwa na miaka 39. Kocha mpya, Gary Kubiak, alikuja na mfumo unaomtaka kwotabeki asimame mgongoni mwa mchezaji wa katikati, apokee mpira mkononi moja kwa moja, ageuke na kuwapa walinzi mgongo akijifanya anaukabidhi kwa mkimbiaji, kisha akimbilie pembeni na kurusha. Ni mfumo mzuri kwa mwenye miguu. Kwa Manning uliondoa vitu viwili kwa mpigo: ulimtaka akimbie, na ulimgeuza mgongo katika nusu sekunde ile ambayo maisha yake yote aliitumia kutazama. Juu ya hayo, utando wa chini ya unyayo wa kushoto ulichanika. Mguu wa kushoto ndio anaoukanyagia mtu wa mkono wa kulia anaporusha. Mkono umepungua, na sasa hata mguu wa kuusaidia hauna nguvu.

Novemba 15, 2015, dhidi ya Kansas City, aliivunja rekodi ya kwotabeki wa zamani Brett Favre ya yadi nyingi zaidi za kurusha katika historia ya ligi. Mechi hiyo hiyo alikamilisha pasi 5 kati ya 20, yadi 35, nne zikanaswa, akatolewa na kijana Brock Osweiler akaingia. Kwa msimu wa kawaida alimaliza na tachidauni 9 na pasi 17 zilizonaswa. Hapa ndipo wale wanaoamini uzoefu hushinda yote wanapaswa kusimama na kutazama. Alikuwa bado anajua mpira uende wapi. Ukitazama zile pasi zilizonaswa utaona nyingi zilikwenda sehemu sahihi, ila zilichelewa hewani, na mlinzi akapata muda wa kuchomoka na kuzifikia. Macho yanaweza kulipa deni la mkono hadi kiasi fulani. Likizidi hapo, kujua hakusaidii.

Basi ilikuwaje mtu huyo huyo akabeba kombe Februari 2016? Jibu jepesi ni kwamba ulinzi wa Denver ndio uliobeba, na ni jibu la kweli. Kocha wa ulinzi, Wade Phillips, alikuwa ameupanga, ukiwa na Von Miller na DeMarcus Ware wakimvamia kwotabeki kutoka pembeni. Katika Super Bowl ya 50 Miller alimpokonya mpira Cam Newton, kwotabeki wa Carolina, mara mbili, mara ya kwanza ukazaa tachidauni moja kwa moja, ya pili ukawaweka Denver mlangoni. Denver walishinda 24 kwa 10, na Miller akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa mechi kwa haki kabisa. Manning alikamilisha pasi 13 kati ya 23, yadi 141, moja ikanaswa.

Jibu hilo la kweli halijakamilika, na hapa ndipo ninapotofautiana na wengi. Aliporudi kutoka benchi, katikati ya mechi ya mwisho ya msimu dhidi ya San Diego, alirudi akicheza mchezo mwingine. Mechi tatu za mtoano, dhidi ya Pittsburgh, New England na Carolina: pasi moja tu ilinaswa katika zote tatu. Yule aliyenaswa mara 17 katika mechi 10 aliacha kurusha zile pasi ambazo mkono haukuziweza tena. Nafasi isipokuwepo, aliutupa mpira nje. Jaribio la tatu likiwa gumu, alikubali mpira upigwe mbali kwa mguu na Miller na wenzake wapewe kazi. Dhidi ya New England, walioshindwa 20 kwa 18, alikimbia hata yadi 12 mwenyewe kutafuta majaribio mapya, mzee wa watu, kwa sababu alisoma kwamba hakuna aliyebaki kumlinda. Kwa mtu aliyeshika rekodi kubwa za kurusha mpira, kukubali kuwa mtu wa kutoharibu ni uamuzi mzito. Kwotabeki mwenye jina lile angeweza kulazimisha, na wengi wamelazimisha. Denver isingeshinda kwa Manning wa Novemba, hata kwa ulinzi ule.

Ndiyo maana sikubaliani na neno "alibebwa". Alibebwa pointi. Mpira aliupoteza mara chache tu, na kwa timu ya aina ile kutopoteza mpira ndiyo kazi ya kwotabeki. Mwezi mmoja baadaye, Machi 7, 2016, alistaafu.

Linabaki swali la Tom Brady, kwotabeki mwingine wa enzi zake: kwa nini yeye alidumu zaidi? Halikosi kuletwa kila Manning anapotajwa. Brady alishinda Super Bowl na Tampa Bay akiwa na umri wa miaka 43, na mwaka 2021, akiwa na 44, aliongoza ligi nzima kwa yadi 5,316 na tachidauni 43. Mtindo wake ulikuwa ndugu wa ule wa Manning: kusoma kabla, kurusha mapema, kutosubiri kuangushwa. Wala hakuwahi kuwa mkimbiaji hata ujanani. Tofauti kubwa ni kwamba mkono wake haukupatwa na ile ajali ya neva, kwa hiyo akili yake iliendelea kupata chombo cha kutendea kazi kwa miaka kadhaa zaidi. Tukiwaweka wawili hawa kando kwa kando tunaona kwamba "mkongwe" si hali moja. Hesabu ya miaka haitoshi kukwambia kwotabeki amebakiza nini.

Kinachoweza kukwambia ni aina moja ya pasi. Ukimtazama kwotabeki mzee, usihangaike na zile ndefu za kwenda mbele. Hizo huwa juu, zina muda, na hata mkono wa wastani huzifikisha. Tazama pasi ya kutoka upande mmoja wa uwanja kwenda mstari wa pembeni wa upande wa pili, ile inayoleta yadi 10 au 12 tu kwenye hesabu. Kwa macho ni fupi, lakini mpira umesafiri karibu upana wote wa uwanja, na muda wote huo mlinzi anautazama. Mkono ukiwa mzima, mpira hufika na mpokeaji huudaka vidole vya miguu vikiwa ndani ya mstari. Mkono ukianza kuondoka, utaona kwanza mlinzi akiugusa kwa ncha za vidole, wiki chache baadaye ataudaka, na baada ya hapo utaona kwotabeki mwenyewe ameacha kuirusha. Akiiacha mapema, kwa hiari yake, bado ana mechi za kushinda.